Senti Isiyo na Tundu

Khwisero,
Jumanne, 4 Machi 2025

Binti yangu Swafia,

Barua yako nimeipata. Abdulnasir wa mitumba aliniletea siku ya soko, akanidai soda kwa kazi ya upostamasta, nikamwambia soda ni ya walio na meno.

Umeandikia mtu anayefaa. Kuanzia Lurambi mpaka huku kwetu, hakuna jicho la kutambua kosa la kiwanda kwenye sarafu ya zamani kama jicho la Andati. Niletee iliyochapwa kombo, niletee iliyochapwa mara mbili, niletee iliyopigwa na muhuri mbovu, nitakwambia kabla hujamaliza kupiga chafya.

Haya, hapo nimeongopa. Jicho la kulia limeingia ukungu, na la kushoto linafanya kazi siku linapotaka. Na hata yalipokuwa mazima yote mawili, mwenye kuona alikuwa baba yako. Swaleh alikuwa fundi saa, mtu wa vitu vidogo. Mimi nilikuwa mkata miwa. Kazi yangu ilikuwa kusema "eeh, nimeona" hata kama sijaona kitu. Usimwambie. Au mwambie tu, anajua.

Unaniuliza hiyo "senti ya Andati" anayoitajataja ni ipi. Mwaka wa 1969 pesa za zamani za Afrika Mashariki zilikuwa zinaondolewa, watu wakazimwaga dukani kwa babu yako kama mahindi. Senti kumi za wakati huo zilikuwa na tundu katikati. Zilipokosa kazi, huku kwetu tulizitia chini ya misumari ya mabati ili mvua isipenye. Baba yako na mimi tulikuwa tunazihesabu mia mia, akashika moja akaacha kuhesabu. Ilikuwa nzima! Huko Ulaya kile kipande cha shaba kiliponyoka mashine ya kutoboa, kikaenda hivyo hivyo chini ya muhuri, kikapigwa taji upande mmoja na pembe za ndovu upande wa pili, na katikati pakabaki bapa kama kiganja.

Halafu kulikuwa na mstari mwembamba kutoka kwenye taji hadi ukingoni. Nikasema ni mkwaruzo. Baba yako alinicheka siku tatu. "Mkwaruzo huzama, wewe mla miwa. Huu umeinuka. Muhuri wenyewe ulikuwa na ufa. Pitisha ukucha." Nikapitisha. Ukucha ukakwama.

Tulikataa kuiuza, tukaiwekea zamu. Idd mimi nakuja Mumias kula pilau, naondoka nayo. Krismasi yeye anakuja Khwisero kula ingokho, kuku wetu wa kienyeji, anaondoka nayo. Mwaka wa kwanza nilikaa nayo wiki mbili tu, kwa sababu Idd iliangukia Desemba. Nikapiga kelele kwamba Waislamu wameniibia. Akasema, "Tulia, Idd inatembea." Kweli ikatembea. Kila mwaka ilirudi nyuma kidogo na zamu yangu ikanenepa.

Zamu ilisimama mwaka wa 1979. Ilikuwa kwangu wakati huo, na hakuidai. Kwa hivyo iko kwangu. Iko salama.

Na mwambie anirudishie lenzi yangu. Aliiazima 1994, akasema wiki moja.

Ni mimi,
Andati


Mumias,
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa Baba Andati,

Pokea salamu zangu na za Nadia, mwanangu. Barua yako nilimsomea Baba kuanzia juu mpaka chini, kwa sababu nimemwahidi kwamba kila kitakachotoka kwako nitakisoma neno kwa neno. Nilipofika kwenye meno na soda alicheka. Sijamsikia akicheka tangu Januari.

Sikukueleza yote mara ya kwanza. Sukari ilimpofusha miaka miwili iliyopita, sasa imeingia kwenye figo. Hospitalini Kakamega walisema aoshwe damu mara mbili kwa wiki. Alikwenda mara tatu, ya nne akavua viatu akaketi kitandani, akasema, "Mimi siyo shati." Hakwenda tena. Huu ni mwezi wa Ramadhani na hawezi kufunga, na hilo ndilo linalomliza, siyo ugonjwa.

Kila siku baada ya alasiri anasugua kidole gumba na cha shahada, kama mtu aliyeshika kitu kidogo. Anasema, "Senti ya Andati. Iko wapi sasa?" Nikimuuliza anataka nini, anarudia hilo hilo. Nimeona nisingoje aombe zaidi. Baba Andati, naomba uilete aishike, hata kama ni saa moja tu. Idd ni mwisho wa mwezi huu. Daktari hakuniambia kama atafika, na mimi nilishindwa kuuliza.

Kama huwezi kusafiri, mpe Abdulnasir. Nitaichunga, nami nitairudisha.

Kuhusu lenzi, Baba anasema hakuiazima. Anasema uliikalia mwenyewe kwa makusudi ivunjike ili yeye alipe, akakataa kulipa.

Wako,
Swafia


Khwisero,
Ijumaa, 14 Machi 2025

Binti yangu,

Hiyo hapo. Nimeifunga kwenye kitambaa, kitambaa kwenye kopo la tumbaku, kopo kwenye soksi. Abdulnasir ameapa kwa dini yake na mimi nimemwapisha kwa yangu pia, ili asipate pa kutorokea.

Ningekuja mwenyewe, lakini nyonga imenikamata, kutoka kitandani mpaka chooni ni safari ya kubeba chakula.

Aipapase taratibu huyo mzee wa watu. Mwambie katikati ni bapa kama zamani. Kama ataona imechakaa kidogo, ni miaka, hata sisi tumechakaa na hatukupitia mikono mingi. Asiipeleke karibu na moto. Asiikune kwa kitu chenye ncha. Akimaliza, basi, ibaki tu naye. Haina haja ya kurudi.

Mwambie nilisema iko salama, na kweli ilikuwa salama.

Andati


Mumias,
Jumanne, 18 Machi 2025

Kwa Baba Andati,

Asante. Mungu akulipe.

Nilimwekea kiganjani nikamwambia, "Senti imefika kutoka Khwisero." Aliigeuza mara moja, akaigeuza tena. Akapitisha ukucha. Kisha akaanza kucheka, Baba Andati, akacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Nilipomuuliza kinachomchekesha alisema, "Andati. Huyu mtu hajabadilika." Alilala nayo mkononi na asubuhi ilikuwa bado mkononi.

Lakini jana hakucheka. Aliifumbata kiganjani, kisha akanituma nikuulize swali, na amenisisitiza niliandike kama alivyolisema: "Muulize pale kwa Dinah pameota nini."

Nikamuuliza Dinah ni nani. Akasema ni mtoto wako, na kwamba mimi na yeye tulizaliwa mwaka mmoja, na kwamba nilipokuwa na miaka mitatu nilicheza naye nyuma ya jiko lenu na tukala udongo pamoja. Sikujua. Nimekujua maisha yangu yote, na sijawahi kusikia jina hilo kinywani mwako. Nisamehe kama nimegusa pasipofaa.

Hali chakula sasa, isipokuwa uji.

Swafia


Khwisero,
Jumamosi, 22 Machi 2025

Swafia,

Barua hii usimsomee. Najua ulivyoahidi. Hii ni yako, isome nje.

Nyonga yangu ni nzima. Juzi nimepanda juu ya dari kufukuza panya. Sikuja kwa sababu niliogopa mikono ya baba yako.

Ile niliyokutumia siyo senti yetu. Ni senti kumi ya kawaida, ya tundu, niliing'oa kwenye bati la jiko. Nilimpelekea Wesley, fundi wa sufuria hapa sokoni, akaziba tundu kwa kipande cha bomba la shaba, akapiga tupa. Nikafumba macho nikaipapasa, nikasema, kipofu hatajua. Rafiki yangu wa miaka hamsini na sita, nikasema hivyo juu yake. Kisha ukaniandikia alivyocheka, nikafurahi siku nzima, nikajiona mjanja. Kisha nikafika mahali pa swali.

Sasa nikueleze.

Novemba ya 1979 surua iliingia huku. Dinah akashikwa. Macho yakafunga, akawa hataki hata maji. Mama yangu alikuwa hai bado. Kwake mtoto wa surua ilikuwa lazima afungwe senti ya tundu kiunoni, ndivyo alivyotulea sisi sote, na sisi tulipona. Akasema, "Leta senti ya tundu." Senti za tundu zote zilikuwa juu ya mabati chini ya misumari, na mvua ilikuwa inanyesha, mabati hayapandiki kwa mvua. Mama akaniita tena. Khalayi, mke wangu, akanitazama. Mtoto alikuwa mapajani mwake.

Senti yetu ilikuwa kwenye kopo la tumbaku juu ya kabati. Zamu yangu. Unaona jinsi Idd ilivyotembea? Kama ingekaa pale pale Desemba, Novemba ile senti ingekuwa kwenu Mumias, na mimi ningepanda mabati.

Nilichukua msumari wa inchi nne na jiwe la kusagia. Mapigo mawili. Mdomo wa tundu ukapinduka upande wa pili, ukawa mkali, nikausugua kwenye jiwe usimkate ngozi. Nikafunga kwa uzi wa gunia.

Alikufa siku ya tatu. Siku hiyo jua lilitoka. Nilisimama uani nikatazama juu, nikazihesabu pale juu ya bati, zinang'aa. Thelathini na moja. Thelathini na moja zenye matundu, juu ya kichwa changu, na mimi nilitoboa ile moja isiyokuwa nalo.

Sikuingia ndani walipokuwa wanamtayarisha. Nilikaa nyuma ya nyumba na wanaume wachimba kaburi. Akazikwa nayo. Nilijua na nikaacha.

Krismasi ile baba yako alikuja. Alikula, akaongea habari za saa za watu, akaaga. Senti hakuitaja. Nikajua amenionea huruma kwa sababu ya msiba. Mwaka uliofuata nikamwambia mwenyewe, kabla hajauliza, "Iko salama." Akasema, "Haya, kaa nayo." Tangu hapo kila mwaka ninasema hivyo, na yeye anajibu vivyo hivyo. Tukageuza kuwa mzaha. Nilikuwa nawaambia watu sokoni kuna bwana mmoja Mumias namnyima mali yake.

Pale kwa Dinah pameota majani ya ng'ombe, marefu kuliko mimi. Nimeyaacha. Nikienda kukata naanzia upande mwingine. Khalayi hamtaji jina, na mimi simtaji, tumelea watoto watano wengine bila kuwaambia wako sita.

Mwachie ile aliyonayo. Kama inampa usingizi, mwache alale. Nakuomba usimsomee.

Andati


Mumias,
Jumatano, 2 Aprili 2025

Kwa Baba Andati,

Baba amefariki. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 28, kabla ya adhuhuri, na tulimzika jioni ile ile kama tunavyozika. Nilipiga namba ya simu uliyoniandikia nyuma ya bahasha, ikaita bila kupokelewa. Najua husikii simu. Nilimtuma mtu kwa Abdulnasir naye alikuwa Busia. Unaarifiwa kwa kuchelewa, na kosa ni langu.

Barua yako ilikuwa imefika Jumatatu, siku nne kabla hajafariki. Niliisoma nje, kama ulivyotaka, chini ya kamba ya nguo. Niliporudi ndani Baba aliuliza, "Andati amesemaje?" Nikasema hajaandika. Akasema, "Swafia, nimesikia karatasi." Basi nikamsomea. Nilikuwa nimemwahidi yeye kabla hujaniomba wewe.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema maneno haya, nami niliyaandika usiku ule ili nisiyapoteze:

"Mwambie Wesley wake hajui kazi. Tundu la kiwandani linatobolewa kabla ya muhuri, kwa hivyo lina ukingo ulioinuka kulizunguka, pande zote mbili. Hata ulizibe, ukingo unabaki. Amenitumia senti yenye kitovu. Na ufa hauko, ukucha wangu umepita kama juu ya sahani."

Alijua tangu ile dakika ya kwanza, Baba Andati. Ndicho kilichomchekesha.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Ndipo akaniambia kilichotokea siku ya mazishi. Alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka Mumias. Mtoto alikuwa mezani sebuleni, amevishwa gauni jeupe, na mhubiri aliona uzi kiunoni akaomba mkasi. Akasema mtoto haendi kwa Mungu na mambo ya kienyeji. Baba akamwambia, "Ngoja, mimi ni fundi saa, nitaufungua bila kukata." Akainama. Aliniambia: "Niliona pembe za ndovu. Niliona ufa. Niliona mdomo wa tundu umepinduka upande mmoja, kama unavyopinduka kwa msumari. Nikajua Andati amefanya nini. Nikakaza uzi, nikafunga fundo la pili, nikashusha gauni. Kisha nikafumba mkono mtupu nikautia mfukoni, nikamwambia mhubiri, Tayari."

Kwa hivyo aliyeizika ni yeye. Wewe uliiacha tu.

Nikamwambia, "Baba, miaka arobaini na mitano, na hukumwambia?" Akasema, "Ningemwambia nini? Senti haikuwa inaniuma. Nilikuwa nangoja amtaje mtoto. Kila Krismasi nakwenda, nakula, nangoja, na yeye ananiletea habari za senti. Nikawa nami nauliza senti, labda siku moja ateleze."

Mimi ndiye niliyekosea. Alipokuwa akisugua vidole na kuuliza iko wapi, nilidhani anataka kuishika. Hakutaka kuishika.

Jina la Dinah uliliandika mara mbili katika barua ile, na alinifanya nirudie kila mahali palipokuwa nalo. Kisha akasema, "Majani ya ng'ombe! Mtu mvivu kweli." Akageukia ukuta akalala. Tangu hapo hakuongea mengi.

Tulipotaka kumwosha, senti ya Wesley ilikuwa kiganjani, tukafungua kidole kimoja kimoja. Nadia ameomba abaki nayo, nimempa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya kaki. Alinituma niitafute kwenye kopo la vipuri vya saa. Mwaka ule mlipoipata, aliiweka senti chini ya karatasi akasugua kwa penseli, upande wa taji na upande wa pembe. Alisema, "Mpe. Hiyo haina zamu."

Wako katika msiba,
Swafia


Khwisero,
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Binti yangu Swafia,

Sikulia. Nilisoma barua yako kama mwanamume, nikaikunja, nikaenda kuangalia ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe tulimuuza mwaka jana. Khalayi alinikuta nimesimama kwenye zizi tupu, akanishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara, akaniketisha jikoni. Nikamwekea karatasi ya kaki mezani. Akaitazama, akaniuliza ni nini. Nikasema, "Ndiyo aliyofungwa Dinah."

Jina hilo limetajwa ndani ya nyumba hii kwa mara ya kwanza tangu Novemba ile. Khalayi alisonga obusuma, ugali wetu, mpaka ukaungua. Kisha akasema, "Alikuwa na kovu dogo hapa, kwenye goti. Unakumbuka?" Sikukumbuka. Nimemwambia nakumbuka.

Baba yako ameniudhi sana. Mwislamu anatoka Mumias kwa baiskeli, anamdanganya mhubiri wetu ndani ya nyumba yangu, anatia mkono mtupu mfukoni mbele ya watu wazima, halafu anakuja kula kuku wangu miaka arobaini na mitano bila kuniambia? Na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba. Ningeingia, tungefunga fundo hilo wawili. Hilo ndilo linaloniuma. Nilifikiri nilikuwa peke yangu na jambo lile, kumbe tulikuwa wawili, kila mtu kwake.

Mwambie. Sijui wewe unapoenda kaburini unasema nini, lakini ukienda mwambie majani ya ng'ombe nimeyakata. Siku mbili, kwa panga, na hiyo nyonga niliyoisingizia sasa imeniuma kweli. Pako wazi. Khalayi anataka maua, mimi nataka mboga, miro, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa mlaji, hata udongo alikula, na wewe ni shahidi. Tunagombana tangu Jumatatu. Tulikuwa hatujagombana juu yake hata siku moja.

Idd imepita na sikula pilau. Ile ya kuchinja nitakuja, na safari hii sitaondoka na kitu.

Sasa jambo moja. Karatasi nimeitazama dirishani, nimeitazama juani. Taji naliona. Pembe naziona. Katikati ni bapa, hapajaguswa na msumari, nimekaa nikipatazama hapo mpaka Khalayi ameniita kula mara mbili. Lakini ufa siuoni. Najua uko, kutoka kwenye taji hadi ukingoni, ila kwenye karatasi ukucha haukwami, na jicho hili moja halitoshi, na safari hii hakuna wa kuniambia "umeinuka" ili nami niseme nimeona.

Ile lenzi ni yangu. Niliinunua kwa mpima mashamba mjini Kakamega kwa pesa yangu ya miwa. Sikuikalia, sikuivunja, nilimwazima baba yako kwa wiki moja mwaka wa 1994. Angalia kwenye kopo lile lile la vipuri, itakuwa chini kabisa, ina mpini mweusi. Mpe Abdulnasir siku ya soko.

Andati